Kempa iliyolala muda mrefu: anza na mpira, injini baadaye

Mtu akiniletea kempa, yaani gari lenye kitanda na jiko ndani, iliyolala bila kutembea mwaka mzima, salamu zikiisha tu anasema: "Fundi, inawaka, nimejaribu jana." Sina ubishi. Injini ya dizeli iliyozimwa ikiwa nzima huwaka, hasa hizi za Coaster za zamani zisizo na mambo mengi ya umeme. Injini ndiyo inayompa mwenye gari wasiwasi, na ndiyo ambayo mara chache humlaza njiani. Kinachomlaza mtu Chipogoro, kwenye barabara ya Dodoma kwenda Iringa, saa kumi jioni ni mpira: tairi, hozipaipu ya radieta, mkanda wa feni, sili za breki.

Sababu ni hali ya hewa yetu. Gari likikaa Tanga au Dar, adui ni kutu, kwa kuwa chumvi na unyevu wa bahari hula chasisi kimyakimya. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba mpaka Aprili hivi, kisha ni jua, ukavu na upepo wa vumbi. Chuma kinastawi hapa. Mpira unateseka. Jua na joto huukausha, unakuwa mgumu, halafu unachanika. Na gari lililosimama huumia kuliko linalotembea: ndani ya tairi wamechanganya kemikali za kulikinga, na kemikali hizo hupanda juu ya uso wake kila tairi linapojikunja barabarani. Likisimama, kinga inabaki ndani na jua linakula nje.

Kwa hiyo nikiandaa kempa iliyolala, bado sijagusa ufunguo. Nachuchumaa.

Tairi

Mwaka huu kipupwe kilipoanza nililetewa Coaster iliyokuwa imeegeshwa mtaa wa Kisasa hapa Dodoma, ubavu mmoja ukiwa kwenye kivuli cha mwarobaini na mwingine ukitazama magharibi. Matairi ya upande wa kivuli ukiyabonyeza kwa ukucha yanabonyea kidogo na kurudi. Ya upande wa magharibi ni kama kwato. Nilipotoa upepo kidogo na kulisukuma gari mbele nusu mzunguko, zikajitokeza nyufa ndogondogo, nyingi, zimepangana kuzunguka ubavu, pale tairi linapojikunja. Kashata, yale meno ya tairi yanayokanyaga barabara, zilikuwa zimejaa, mpya kabisa kwa macho, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kashata zinakuonyesha tairi limetembea kiasi gani. Hazisemi limeishi miaka mingapi.

Miaka imeandikwa ubavuni. Tafuta herufi DOT, fuata mstari wake mpaka mwisho, utakuta tarakimu 4. Ukikuta 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo zipo upande mmoja tu, na fundi aliyefunga ameugeuzia ndani, hivyo ingia chini na tochi. Watengenezaji wakubwa wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka likishatumika miaka 5, na litolewe likifikisha 10 tangu kutengenezwa, hata kama linaonekana zima. Hiyo ni kwa gari linalotembea. Kwa kempa inayokaa juani Dodoma mimi natoa mapema zaidi, na la spea nalihesabu vilevile, kwa sababu spea ndiyo huwa kongwe kuliko yote na hakuna anayelikumbuka mpaka siku ya kulihitaji. Tairi la mtumba sikatai kwa gari la kwenda sokoni. Kwa kempa nakataa: unanunua miaka ya mtu mwingine.

Upepo pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kipimo chako mwenyewe, siyo kwa kupiga teke. Tairi lenye upepo pungufu ubavu wake unajikunja kupita kiasi, kule kujikunja kunazaa joto, na joto ndilo linalolipasua, wala si jiwe la barabarani. Kosa linalofuata ni kusimama njiani, tuseme Mlowa, kukuta tairi limepata moto na upepo umepanda, ukapunguza. Usipunguze. Likipoa litakuwa na upepo kidogo kuliko ulivyoanza nao.

Halafu uzito. Kempa nyingi zetu ni basi dogo lililojengewa kitanda, kabati, jiko na tangi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 100 likijaa umeongeza kilo 100 kabla hujapakia kreti ya soda na jamaa wawili wa mkeo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, inagusa gari la kuanzia kilo 3,500, kwa hiyo wengi wenu mnahusika na mizani, mpende msipende. Mimi naona ni msaada wa bure: ukishajua kila ekseli imebeba kiasi gani, ndipo unaweza kujua upepo wa kujaza.

Breki, na kwa nini Fufu haisamehi

Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa. Hayajali gari linatembea au limelala. Ya daraja la DOT 4 (hii si DOT ya tairi) yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 230. Yakishaingiwa na maji kiwango kinachokubalika kinashuka mpaka 155. Dodoma mjini, kwenye tambarare, unaweza kuendesha miaka na usijue, maana hakuna mahali breki zinapata moto wa kweli. Shika barabara ya Iringa ufike kwenye mteremko wa Fufu na gari la tani nne au tano, mguu umeukalia breki, ndipo maji yaliyomo yanageuka mvuke. Mafuta hayabanwi, ila mvuke unabanwa, na pedeli inazama mpaka sakafuni bila kukushika. Nabadilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili, na gari lililolala nabadilisha bila kuuliza.

Kaliba, zile zinazobana pedi za breki kwenye diski, nazo hukwama. Pistoni yake imekaa sehemu moja miezi yote, sili imekauka, ukikanyaga inatoka, ukiachia hairudi. Njia ya kuijua ni rahisi: tembea kilomita kumi bila kutumia breki sana, simama kwa gia, sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Gurudumu lenye moto kuliko mwenzake lina kaliba iliyong'ang'ania. Handibreki ni hivyohivyo. Gari la kukaa muda mrefu usiliache na handibreki. Weka kabari kwenye magurudumu, kwani viatu vya breki hushikana na drumu, na nimeona watu wakirudi nyuma kwa nguvu ili zibanduke mpaka kitambaa cha breki kikabaki kwenye drumu.

Chini ya boneti kazi ni fupi. Kabla ya kuwasha, fungua boksi la filta ya hewa, kwa sababu panya wanalipenda: kuna joto, kuna giza, na filta yenyewe ni godoro. Fuata waya kwa macho na vidole utafute palipotafunwa. Minya hozipaipu za radieta. Ikilia kama karatasi kavu, toa. Mkanda wa feni upinde nje-ndani uone nyufa. Oili badilisha hata kama haijatembea, maana iliyokaa huwa na asidi na unyevu. Dizeli: kama tangi liliachwa robo, ile nafasi tupu juu yake ilikuwa inatoa jasho kila usiku wa baridi, na jasho lile liko chini ya tangi sasa hivi. Fungua koki ya chini ya filta ya dizeli uone kinachotoka kwanza. Yakitoka maji safi, mwaga mpaka ije dizeli. Ukitoka utelezi mweusi, wadudu wameshaota kwenye mpaka wa maji na mafuta, na tangi lishuke likaoshwe.

Betri utapima kwa multimita, gari likiwa limelala usiku kucha bila kuchajiwa. Volti 12.6 au 12.7 imejaa, 12.4 iko kama robo tatu, 12.0 imekaribia kwisha. Betri ya asidi ikiachwa tupu, sahani zake huota sulfeti ngumu, na baada ya hapo ukiichaji inajaa haraka na kuisha haraka, ishara ambayo watu wanaifurahia kwa makosa. Kumbuka kempa ina betri mbili: ya stata na ya ndani, na ya ndani ndiyo hufa kwanza kwa sababu kuna kitataa kidogo cha redio kinainyonya miezi yote. Paneli ya sola iliyofunikwa na vumbi la Agosti haisaidii kitu, kwa hiyo panda ufute, na ukiwa juu huko huko kagua silikoni ya kuzunguka madirisha ya paa. Utaisikia imekauka.

Na tafadhali, ndani ya betri na radieta usitie maji ya bomba. Maji yetu hapa mjini mengi ni ya visima vya Makutupora, na kila mwenye birika anajua linavyoota magamba meupe. Magamba hayo hayo yanaota kwenye radieta.

Maji na gesi

Tangi la maji ya kunywa lililokaa na kidogo chini si tangi, ni bwawa. Mwaga yote, jaza nusu, tia jiki ya kawaida ile ya asilimia 3.5, kama nusu kikombe kwa tangi la lita 100, malizia kujaza, fungua kila bomba mpaka usikie harufu yake, acha ilale usiku. Asubuhi mwaga na usuuze mpaka harufu iishe.

Gesi sina utani nayo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini kama maji, ndiyo maana kabati la mtungi lina tundu la sakafuni. Tundu hilo ndilo nyigu wanalolichagua kujengea udongo wakati wa mvua. Chokoa kila tundu: la kabati, la bomba la moshi la friji, la jiko. Mpira wa gesi unakauka kama mpira mwingine wowote. Mwingi umeandikwa tarehe, na ukiwa na shaka bei yake haifiki hata ya chakula cha mchana cha familia. Ukishafunga, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo, fungua mtungi, tazama. Povu likivimba, kiungo kinavuja. Kiberiti kiache mfukoni. Mtungi wa kilo 6 au 15 usafiri wima, umefungwa mkanda na valvu imezimwa. Na usiku wa baridi asikudanganye mtu kuingiza jiko la mkaa ndani ya gari. Moshi usioonekana haugongi mlango.

Bima, kizima moto na pembetatu za kuakisi: tazama tarehe na uwepo wake, umemaliza.

Safari ya kwanza

Wengi wakimaliza matengenezo wanataka kwenda mbali moja kwa moja, Mbeya au Arusha, kufidia muda uliopotea. Mimi huwaelekeza kwenye bwawa la Mtera, barabara ya Iringa, kulala usiku mmoja. Kuna wanaoniambia Kolo ni nzuri zaidi, na ni kweli: michoro ya miambani ya Kondoa imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006, na lami inakupeleka mpaka pale. Hiyo iwe safari ya pili. Mtera naipendea kitu kimoja cha kifundi. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na bwawa liko chini ya mita 700, kwa hiyo kwenda unajaribu breki, kurudi unajaribu radieta, na yote mawili unayamaliza kwa tangi moja la mafuta.

Toka asubuhi. Simama baada ya kilomita 50 hivi ukaze nati za matairi, hasa kama yalitolewa, maana nati hulegea kidogo zikishatulia. Nusa. Chungulia chini kama kuna tone. Fufu shuka kwa gia ile ambayo ungeipandia, breki gusa kwa vipindi, usiikalie. Ukishafika Mtera nunua perege wa kukaanga, egesha palipo sawa kwa sababu friji ya gesi haifanyi kazi vizuri ikiinama, kisha tumia kila kitu usiku huo: pampu, taa zote pamoja, jiko, friji, choo. Kilicho kibovu kijitokeze hapo.

Asubuhi lala chini ya gari na tochi tena kabla ya chai. Chini pakiwa pakavu, matairi hayajapoteza upepo na betri ya ndani iko juu ya 12.4, unaweza kuendelea mpaka Iringa, ukijua kuwa mbele yako kuna Nyang'oro, na hiyo ni kupanda kweli. Ukiona tone lolote la kijani la radieta au la mafuta ya breki, geuza. Hozipaipu utaipata Dodoma mchana huo huo. Ukikwama Migoli, mbele ya Mtera, utaisubiri ije na basi la kesho.