Jina Tulilificha, Sauti Ikamtambulisha: Wanawake na Redio Jamii

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwafundisha watayarishaji wa vipindi katika redio jamii, hasa vipindi vinavyogusa ndoa, mirathi, ardhi na ukatili wa kijinsia, na kama ningeruhusiwa kufundisha jambo moja tu ningefundisha hili: kijijini, sauti ya mtu ni sura yake. Redio ya taifa ikimhoji mwanamke wa Kigoma bila kumtaja jina, msikilizaji wa Dodoma hana namna ya kumjua. Redio jamii husikilizwa na shemeji yake, na mwenyekiti wa kitongoji, na jirani anayeazimana naye kinu, na hao wote humtambua hata akikohoa.

Nililijua hilo kwa uchungu. Katika kituo kimoja nilichokuwa nikikisaidia tulimrekodi mama aliyeeleza jinsi mumewe alivyokuwa akichukua mtaji wake na kumpiga kila alipohoji. Hatukutaja jina wala kijiji, na fundi mitambo aliishusha sauti yake kwa programu ya kuhariri mpaka ikawa nzito kama ya mwanamume, nasi tukaridhika. Tuliiacha, hata hivyo, sentensi aliyosema kwamba huamka saa tisa usiku kukoroga unga wa vitumbua ili awahi gari la kwanza stendi. Siku mbili baadaye alikuja kituoni, akakaa kwenye benchi la mapokezi na beseni lake tupu miguuni, akatuuliza kwa utulivu: “Wanangu, pale stendi mmewaona wauza vitumbua wangapi?” Muuza vitumbua pale alikuwa yeye peke yake. Mumewe alikuwa amekwisha kuambiwa, na mama yule alihamia kwa dada yake kwa mwezi mzima kwa sababu ya uzembe wetu.

Tangu siku hiyo sikubali tena kwamba kushusha sauti ni kumficha mtu. Programu hubadilisha uzito wa sauti, lakini lafudhi hubaki, mwendo wa kuzungumza hubaki, na neno analopenda kulirudia hubaki vilevile. Isitoshe, mwenye programu kama hiyo anaweza kuirudisha sauti ilipokuwa. Iliyo salama zaidi ni kuyaandika upya maelezo yake na kumpa msomaji wa kata nyingine ayasome, yakiwa yameondolewa kila kitu kinachomwelekeza msikilizaji mlangoni kwake: idadi ya watoto, biashara, kisima anachoteka maji. Njia nyingine ni kuviunganisha visa vya wanawake kadhaa kuwa mchezo wa redio, na mchezo una faida ambayo mahojiano hayana, kwa kuwa hata mwanamume mkali hukaa akausikiliza mpaka mwisho bila kuhisi kwamba ananyooshewa kidole. Rekodi ya awali nayo inahitaji kulindwa. Vituo vingi huendeshwa na vijana wa kujitolea wanaopokezana kinasa sauti kimoja, na nimewahi kukuta ushuhuda wa msichana ukiwa bado kwenye kadi ileile iliyokwenda kurekodi mechi ya mpira siku iliyofuata.

Isidhaniwe kwamba natetea ukimya. Mwaka 2003 wanahabari wanawake wa Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, waliunda chama chao cha AFEM mjini Bukavu, na akina Chouchou Namegabe wakawaendea wanawake waliobakwa vitani na kurusha shuhuda zao redioni, wakati kulizungumza jambo hilo hadharani kulikuwa mwiko. Huko Makueni, Kenya, redio ya Mang’elete iliyoingia hewani mwaka 2004 ilizaliwa na vikundi vya wanawake vyenyewe, na mimi huutaja mfano huo kila ninapofundisha, kwa sababu mwanamke aliye na kauli katika kikao cha kupanga vipindi hangoji kualikwa Machi 8 ndipo azungumze.

Tena yako mambo ambayo mwanamke anapaswa kusikika kwa jina na kwa sauti yake halisi. Ardhi ni mojawapo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nchini Tanzania inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, ambao 3 kati yao sharti wawe wanawake. Mjane anayeyataja hayo hewani, huku mtendaji wa kijiji akiwa studio kumjibu, hulindwa na masikio ya majirani wanaosubiri kuona kama kauli aliyoitoa mtendaji itatekelezwa. Kwa hiyo nimewazoesha wanafunzi wangu kuuliza swali moja kabla ya kuamua kutaja jina au kulificha: kipindi kikiisha, huyu mama analala nyumba gani, na analala na nani?

Saa ya kipindi nayo si jambo dogo. Vituo vingi huweka kipindi cha wanawake saa moja usiku, wakati mlengwa yuko jikoni na redio iko barazani kwa mumewe. Saa kumi alasiri, katika mkutano wa kikundi cha kuweka na kukopa, redio moja husikilizwa na wanawake 20, na mmoja wao akibipu kituo kinampigia kwa gharama yake.

Jambo ambalo sikubali lirukwe ni maandalizi ya siku zinazofuata. Kipindi cha ubakaji kikienda hewani, wapo watakaofika mlangoni mwa kituo wakiwa na yao ya kusema, na mtangazaji si muuguzi. Ndiyo maana afisa ustawi wa jamii, zahanati na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi hupewa taarifa mapema, na mtangazaji hurudia kwa maneno mepesi kwamba aliyebakwa awahi kituo cha afya ndani ya saa 72 kwa ajili ya dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, asioge kabla ya kuchunguzwa, na kwamba kwa habari za mtoto namba ni 116, bila malipo.

Ridhaa siku hizi tunaiomba mara mbili: kabla ya kurekodi, na tena baada ya mama kusikiliza kipindi kilichokwisha kuhaririwa. Hivi karibuni mmoja alivaa spika za masikioni, akasikiliza amefumba macho, kisha akainua mkono. Alitaka tuondoe mahali aliposema kwamba siku ya ugomvi mvua ilikuwa imeezua paa la jikoni kwake, kwa kuwa paa lililoezuliwa wiki ile lilikuwa moja tu. Sisi tulikuwa tumelipita mara tatu bila kuliona. Tuliliondoa, naye akatikisa kichwa kukubali, na kipindi kikarushwa Alhamisi kikiwa kimepungua sekunde 11.