Kinu cha kujaribia fueli ya nyuklia: yanayosemwa na yalivyo

"Ni kinu kidogo cha umeme."

Hakitoi umeme hata wa kuwasha balbu. Chukua Advanced Test Reactor ya Idaho, Marekani, iliyowashwa mara ya kwanza 1967. Iliundwa kufikia megawati 250 za joto, na joto lote hilo hutupwa. Kinachotakiwa pale ni nyutroni, chembe ndogo zinazoruka atomi za urani zinapopasuka, ziipige metali au fueli inayochunguzwa kwa wingi ambao kinu cha kawaida kingechukua miaka mingi kuufikia. Maji yanaingia kwenye kiini, sehemu ya kati ya kinu yenye fueli, yakiwa na nyuzi 52 hivi za Selsiasi na kutoka na 71. Hayakaribii hata kuchemka.

"Basi na sampuli hukaa kwenye joto hilohilo."

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na ndipo ilipo kazi yenyewe ya maandalizi. Mwaka 2006 kinu hichohicho kilianza jaribio lililoitwa AGR-1: chembe za fueli ya urani zipatazo 300,000, kila moja ikiwa na kipenyo kisichofika milimita moja, zimevikwa matabaka ya kaboni na silikoni kabaidi, kitu kigumu mfano wa kauri. Zilitakiwa ziwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1000 huku maji yale ya vuguvugu yakipita sentimita chache tu pembeni.

Nani alizipasha moto? Zenyewe. Atomi za urani zinapasuka ndani yake, na miale ya gama inapasha kila kilicho karibu kutokea ndani kwa ndani. Kwa hiyo mtayarishaji hahangaiki kuleta moto. Anahangaika na jinsi ya kuupunguza: joto litoke kwa kasi gani kwenda kwenye maji.

Jibu limo kwenye mwanya mwembamba, sehemu ndogo ya milimita, kati ya kishikio cha sampuli na ukuta wa kapsuli, yaani chombo kilichofungwa kinachobeba sampuli ndani ya kinu. Mwanya huo hupitishiwa mchanganyiko wa heliamu na neoni. Heliamu hupitisha joto karibu mara tatu ya neoni. Ukiiongeza, sampuli inapoa, ukiongeza neoni, inapanda. Aliyeketi kwenye paneli hagusi moto wowote, anachanganya gesi tu. Lakini gesi haiwezi kuokoa mwanya uliochongwa vibaya. Sehemu ya kumi ya milimita ikizidi, makumi ya nyuzi yanaongezeka. Tena metali hutanuka ikipata moto, kwa hiyo fundi anachonga mwanya wa baridi ambao sio utakaokuwepo kinu kikiwaka. Binafsi sijui kazi nyingine ya karakana inayodai ukali wa vipimo kiasi hicho kwa kitu ambacho hakitaguswa tena kwa mkono.

"Kutayarisha ni kupakia na kuwasha."

Kabla ya kupakia kuna miezi, mara nyingi miaka, ya mahesabu: sampuli itameza nyutroni ngapi, kinu kitaitikiaje ikiwemo na ikitolewa, maji yakikatika itakuwaje. Idaho wana kinu pacha chenye nguvu ndogo mno, jengo lilelile, ambamo mpangilio mpya unaweza kupimwa kwanza. Viungo vilivyochomelewa vinakaguliwa, kapsuli inajaribiwa kama inavuja.

Ukali huu una sababu nyingine isiyosemwa sana: zenoni-135. Gesi hii hutokana na mabaki ya urani iliyopasuka, na humeza nyutroni kwa ulafi. Kinu kikizimika ghafla, zenoni huendelea kuongezeka na kufikia kilele baada ya saa kumi hivi, na kinu cha nyutroni nyingi kinaweza kugoma kuwaka kwa siku moja au mbili. Kasoro ya kapsuli moja ikisababisha kuzimwa, majaribio ya wenzako wote nayo yanasimama. Hakuna anayependa kuwa mwenye kapsuli hiyo.

"Kinu cha 1967 kimechakaa."

Jengo ni la zamani, tumbo si la zamani. Vipande vya berili, metali nyepesi, vinavyozunguka kiini na kurudisha nyutroni ndani huvimba na kupasuka taratibu kwa gesi inayojikusanya ndani yake, kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya miaka kama kumi. Mara ya sita ilikuwa 2021 hadi 2022.

"Wanajaribu kuona kama fueli italipuka."

Mara nyingi hapana, japo hii ina chembe ya ukweli. Kuna vinu vya kazi hiyo hasa, kama TREAT, cha Idaho pia, kilichofanya kazi 1959 hadi 1994 na kuwashwa tena Novemba 2017. Hupiga mpigo mfupi wa nguvu nyingi, na wakati mwingine fueli inayojaribiwa huyeyushwa kwa makusudi ndani ya kapsuli. Kinu chenyewe hubaki salama: urani yake imetawanywa ndani ya grafiti, na grafiti ikipata moto inauzima mpigo bila kungoja mtu.

"Sampuli ikitoka, majibu yapo."

Ikitoka inakaa majini ipoe, kisha inasafirishwa ndani ya kasha zito hadi chumba cha kuta nene, ifunguliwe kwa mikono ya mitambo. Ile AGR-1 ilimalizika 2009. Gesi iliyotoka kwenye kapsuli ilipitishwa kwenye vipimio vya mionzi muda wote, na havikunasa chembe hata moja iliyopasuka. Uchunguzi wa baadaye ndio ulioonyesha kuwa kwenye chembe chache mno tabaka la silikoni kabaidi lilikuwa limeharibika: kaboni iliyobaki nzima ilizuia gesi, ila sesiamu, metali yenye mionzi inayotokana na urani iliyopasuka, ilikuwa imepenya.