Mwenyekiti wa tawi la sororiti anafanya kazi gani hasa?

Wakati wa kampeni za urais wa Marekani mwaka 2024, ndugu zangu wa Tanga walinipigia simu kuuliza: wale akina mama waliovaa waridi na kijani wanaomshangilia Kamala Harris ni chama gani cha siasa? Nikawaambia si chama cha siasa. Ni Alpha Kappa Alpha, sororiti (chama cha udada cha wanawake wa vyuoni) ambayo Harris alijiunga nayo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Jibu hilo halikuwatosha, na wana haki, kwa sababu ukiishia kwenye rangi na vifijo hujaona kitu.

Mimi si mwanachama. Ninafanya kazi ya afya ya jamii hapa Louisville, Kentucky, na sehemu ya kazi yangu ni kupanga siku za upimaji pamoja na vikundi vya kujitolea. Sororiti za wanawake Weusi ni miongoni mwa washirika ninaowategemea zaidi. Nimefanya kazi na wenyeviti wa matawi wazuri na wa kawaida, na sasa nikikaa nao kwenye kikao cha kwanza nasikiliza jambo moja tu: je, anazungumzia siku ya shughuli, au anazungumzia watu watakaokuja?

Kwanza historia kidogo. Sororiti huzaliwa chuoni, lakini kwa Wamarekani Weusi uanachama haukomi na shahada. Ukihitimu unahamia tawi la wahitimu, na huko unaendelea kulipa ada, kuhudhuria vikao na kutumwa kazi hadi uzeeni. Tuseme ni kama kikoba kisichovunjwa, ila fedha nyingi zinakwenda kuwahudumia walio nje ya kikundi badala ya kugawanywa ndani. Alpha Kappa Alpha ilianza Howard mwaka 1908. Delta Sigma Theta ikafuata hapohapo mwaka 1913, ikiwa na waasisi 22, na kabla ya kutimiza miezi miwili walikuwa barabarani Washington tarehe 3 Machi kwenye maandamano ya kudai wanawake wapige kura. Zeta Phi Beta ni ya 1920, nayo ya Howard. Sigma Gamma Rho ilianzishwa mwaka 1922 na walimu saba huko Indianapolis, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka hapa nilipo.

Kazi zao zimefika hata kwetu. Delta walichangia hospitali ya misheni ya Mary Help of the Sick kule Thika, Kenya. Zeta wana mpango unaoitwa Stork's Nest, walioubuni miaka ya 1970 pamoja na March of Dimes, shirika la afya ya mama na mtoto: mjamzito anapata pointi kila anapohudhuria kliniki au somo la uzazi, kisha pointi zile anazibadilisha kwa nguo za mtoto, nepi au kitanda. Mpango huo naupenda kwa sababu mama hapewi sadaka, anachukua alichokitolea jasho.

Lakini kama unataka kuelewa uongozi wa tawi unapaswa kuwaje, nenda Mississippi mwaka 1935.

Ida Louise Jackson, mwalimu wa Oakland, California, aliyezaliwa Vicksburg, Mississippi, ndiye aliyekuwa kiongozi mkuu wa Alpha Kappa Alpha. Kiangazi cha 1934 alianzisha huko Mississippi mafunzo ya walimu wa shule za vijijini. Ikaonekana haraka kwamba mwalimu bora hamsaidii mtoto mwenye njaa na meno yaliyooza. Mwaka uliofuata wakaja na timu ya afya chini ya daktari Dorothy Boulding Ferebee wa Washington. Walisafiri kwa magari yao wenyewe hadi kaunti ya Holmes, wakiwa na mpango mzuri kabisa: kufungua kliniki kwenye vituo kadhaa na kuwasubiri wagonjwa.

Wagonjwa wengi hawakuweza kuja. Wenye mashamba ya pamba walihofia kwamba wanawake wasomi kutoka nje wangewachochea wakulima wao, wakawazuia kutoka shambani. Hapo ndipo Ferebee aliponivutia mimi kama mtu wa afya ya jamii. Hakurudi Washington kuandika ripoti kwamba wananchi hawana mwamko. Alipakia chanjo na vifaa kwenye magari, akaifuata pamba ilikolimwa, wakapima na kuchanja watoto palepale shambani huku wasimamizi wa mwenye shamba wakisimama karibu kusikiliza kila kinachosemwa. Walichanja dhidi ya ndui na dondakoo, wakang'oa meno, wakafundisha lishe. Wakarudi kiangazi baada ya kiangazi, hadi Vita Kuu ya Pili ilipobana petroli na matairi. Katika miaka hiyohiyo Ferebee mwenyewe alichaguliwa kuongoza sororiti nzima.

Huku kwetu Louisville hakuna mashamba ya pamba, lakini kuna vituo vikubwa vya vifurushi vinavyofanya kazi usiku kucha, na wanaojaza zamu hizo ni pamoja na wakimbizi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili. Tawi moja la wahitimu, ambalo sitalitaja, lilikuwa na desturi ya kupima presha Jumamosi asubuhi. Ukumbi ulipambwa, mabango yalikuwapo, picha zilipigwa. Waliopimwa walikuwa hasa wanachama na mama zao. Mwenyekiti mpya alipoingia, mwalimu mstaafu mwenye sauti ndogo, aliniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: Jumamosi asubuhi watu wako wako wapi? Nikamwambia wamelala, wametoka zamu.

Upimaji ukahamia Jumapili mchana, kwenye kanisa la Wakongo, mara ibada inapoisha. Baadhi ya wanachama wake walinung'unika, maana Jumapili ni siku ya makanisa yao. Hakubishana nao sana. Aliwapanga kwa zamu na yeye mwenyewe akachukua zamu ya kwanza.

Kitu cha pili alichokifanya hakionekani kwenye picha yoyote. Mashine za presha za tawi zilikuja na mkanda wa saizi moja. Mkanda ukiwa mdogo kuliko mkono wa mtu, mashine inasoma presha juu kuliko ilivyo, na unaweza kumtisha mtu mzima bure au kumfanya aanzishiwe dawa asizozihitaji. Nilipomweleza, aliomba kamati iahirishe fulana za maadhimisho ili fedha ziende kwenye mikanda mikubwa. Mtu asiyezijua sororiti hataelewa uzito wa kauli hiyo. Fulana ni jambo nyeti mno.

Akawafundisha pia wenzake kunyamaza. Presha hupimwa mtu akiwa ameketi kama dakika 5, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono uko usawa wa moyo, na hakuna maongezi. Sasa chukua ukumbi wa akina dada waliojaa bashasha, kila anayeingia anakumbatiwa na kuulizwa habari za watoto. Yeye aliweka viti vya kusubiria kando, na maongezi yote yakabaki huko. Mimi nilikuwa mkalimani. Alikuwa amejifunza "shikamoo" kutoka kwangu na alipowaamkia wazee wa Uvira walicheka, kwa kuwa kwao salamu ni "jambo". Akacheka nao, akabadilisha palepale.

Mama mmoja alipimwa mara mbili na namba zikabaki juu. Aliniambia hana ugonjwa, ana uchovu wa kazi tu. Nikamwambia, "Mama, uchovu tunauamini, lakini hii tukaione na daktari." Mwenyekiti alikuwa ameshaandaa karatasi yenye anwani ya kituo cha afya kinachotoza kulingana na kipato, na jina la mwanachama atakayempeleka kwa gari. Upimaji usiokuwa na mahali pa kumpeleka mtu naona ni kumwongezea hofu na kumwacha nayo. Siku hizi nauliza habari ya usafiri kabla sijakubali tarehe.

Sitaki kuwapamba kupita kiasi. Matawi mengine hutumia nguvu nyingi kwenye dhifa, na sororiti hizi zimewahi kuchafuliwa na mateso wanayofanyiwa wanaojiunga, mateso ambayo kanuni zao wenyewe zinayakataza. Pia viongozi hubadilika, mara nyingi baada ya miaka miwili, na nimeona mradi mzuri ukifa kwa sababu simu za watu wote zilikuwa kwa mwenyekiti mmoja. Huyu wa kwetu alilijua hilo. Faili alilomkabidhi mrithi wake lilikuwa na saa za ibada, jina la mzee wa kanisa mwenye funguo, saizi za mikanda na orodha ya madereva.

Kama uko Marekani na jumuiya yenu inahitaji mkono, tafuteni tawi la wahitimu lililo karibu na muulize nani anaongoza kamati ya huduma. Msianze na ombi la fedha. Anzeni kwa kumweleza watu wenu wanafanya zamu gani, wanasali wapi, na ni saa ngapi wako macho.