Cheo kimepanda, hofu ya kuumbuka nayo imepanda

Nimeteuliwa mkurugenzi miezi sita iliyopita. Kila kikao naona leo ndiyo watagundua kuwa sistahili. Je, ni ugonjwa?

Hapana. Hali hii ya kuhofia utagunduliwa kuwa hustahili, kwa Kiingereza "impostor syndrome", haimo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Walioielezea kwanza, mwaka 1978, ni wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, baada ya kukutana na wanawake zaidi ya 150 wenye shahada na vyeo vyao, lakini moyoni wakiamini wamewapumbaza watu tu. Baadaye ikaonekana wanaume nao wanayo. (Kumpata mwanamume akiri mbele ya wenzake, hiyo ni kazi nyingine.)

Mbona nilipokuwa ofisa wa kawaida sikuwa hivi?

Wakati ule bosi alikusahihisha, ukajua ulipo. Huko juu hakuna wa kukusahihisha. Unaowaongoza wanakuambia, "Umeongea vizuri sana, bosi," nawe unajiuliza: wangesema nini kingine, wakati likizo zao nazisaini mimi? Sifa haziingii.

Basi unajiandaa kupita kiasi. Saa tisa usiku uko macho, unapitia kwa mara ya tano taarifa ambayo mhasibu ameshaithibitisha. Kikao kikienda vizuri husemi "kazi naiweza", unasema "ningelala, ningeumbuka." Kwa hiyo kufaulu hakukufundishi kitu, na kikao kijacho unaanza upya.

Nikisema sijui, si nitadharauliwa?

Jaribu jambo moja dogo: "Hili silijui, nipeni hadi Alhamisi." Halafu Alhamisi ulete jibu. Kinachochosha zaidi ni kujifanya unajua. Ila ukweli huo usigeuke kuwamwagia walio chini yako hofu zako zote; nao wana mishahara yao ya kuhofia. Hizo mpelekee asiye chini yako wala juu yako, mathalani mstaafu aliyewahi kukalia kiti kama chako.

Lini nimwone mtaalamu?

Usingizi ukipotea kwa wiki mbili au zaidi, ukianza kunywa ili ulale, au usipofurahia tena uliyokuwa ukiyapenda. Huenda ni sonona au wasiwasi uliopitiliza, na vyote vinatibika. Ukiwaza kujidhuru, nenda leo hii. Na ukifika, usimsimulie daktari jinsi ofisi inavyokwenda vizuri. Mwambie jana ulilala saa ngapi.