Vifuniko vya kromu vya Beetle: msivitupe

Wateja wengi wanaoniletea Volkswagen Beetle ya zamani huwa wameshanunua vifuniko vipya vya magurudumu, na vile vya asili wamevitupia stoo. Huwa nawaomba wavirudishe. Chuma cha kiwandani ni kigumu kuliko nakala nyingi nilizowahi kushika, na gari linaloishi pwani halina subira na kromu hafifu.

Kama kimoja kimepotea, jua kwanza gari ni la mwaka gani. Modeli za hadi 1965 zilivaa vifuniko vya mviringo kama kuba. Kuanzia modeli ya 1966 vikaja vya bapa. Ukichanganya, anayezijua Beetle ataona akiwa ng'ambo ya barabara.

Kukitoa, tumia kulabu ya waya kwenye vitundu viwili vya ukingoni. Bisibisi hukunja ukingo na kuchubua rangi ya rimu.

Baada ya kuosha, tazama kutu kwa makini. Vidoa vya juu juu vinatoka kwa foili ya jikoni: ikunje, ichovye majini, sugua taratibu kwa mizunguko midogo. Alumini ni laini kuliko kromu, hivyo haiikwaruzi. Maji yatakuwa meusi. Futa, uangalie, urudie. Msasa na stili waya viweke mbali kabisa.

Lakini kromu ikishavimba na kubanduka, hakuna dawa ya kung'arisha itakayoirudisha. Kromu yenyewe ni utando mwembamba mno, kwa kawaida chini ya maikroni moja. Kinachozuia kutu hasa ni nikeli iliyo chini yake, ambayo ni nene zaidi mara nyingi. Hapo kifuniko kinavuliwa tabaka zote, kinanyooshwa, kinavishwa shaba inayosaidia kujaza vishimo, halafu nikeli, mwisho kromu. Kazi hiyo mpelekee mwenye karakana yenye vifaa na kinga. Kemikali za kromu zinazotumika kwa kawaida ni sumu na husababisha saratani, kwa hiyo usithubutu kuifanya uani.

Palipobonyea nanyoosha kabla ya kuvisha, maana kromu haikunjiki, inapasuka. Nalaza uso kwenye mfuko wa mchanga, nagonga kwa ndani kwa nyundo ya mbao, nikianzia pembeni mwa bonde kuelekea katikati. Ukianza na katikati, chuma kinatanuka na kuacha uvimbe.

Halafu kuna nembo ya VW. Mng'arishaji mwenye haraka huilamba kingo zake hadi herufi zinafifia, na kingo hizo hazirudi. Mwambie mapema aipitie kwa mkono, si kwa mashine.

Upande wa ndani ndiko tope hujificha na kutu huanzia. Paka rangi ya zinki, iache ikauke vizuri, paka grisi kidogo kwenye vishikizo vya rimu, kisha gandamiza kifuniko kwa kiganja mpaka kiingie.