Saruji Juu ya Ukuta wa Chokaa: Tafadhali Acheni

Mwenye nyumba ya zamani mwingine hapa Mwanza ameniambia kwa fahari kwamba ameiokoa nyumba yake: amebandua lipu yote ya chokaa, ambayo kwa maneno yake ilikuwa imeoza, akapiga ya saruji nje na ndani. Nilimpongeza kwa kuijali nyumba, kwa sababu wenzake wengi hubomoa na kupandisha fremu za maduka. Hata hivyo, jambo hili nimelisikia mara nyingi mno kiasi kwamba nimeona afadhali niliandike.

Imani yenyewe ni kwamba saruji ni imara kuliko chokaa, na kwa hiyo ukuta wenye saruji ni imara kuliko wenye chokaa. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili ndiyo inayobomoa majengo. Ukuta wa tofali za kuchoma uliojengwa kwa chokaa au udongo, iwe ni wakati wa Mjerumani au baada ya reli kufika Mwanza mwaka 1928, kwa kawaida hauna tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi. Maji hupanda kutoka ardhini, na ukuta huyatoa polepole kupitia viungo vya kati ya tofali na lipu, kama mtungi unavyotoa jasho. Ukiuvika saruji, maji yanaendelea kupanda kama kawaida, ila sasa hayana pa kutokea. Chumvi iliyomo ndani yake huganda nyuma ya saruji na kuusaga uso wa tofali kuwa unga, na siku saruji hiyo inapobanduka, huondoka na uso wa tofali.

Kinachonichosha zaidi ni kile kinachofuata. Saruji hupigwa kimo cha mita moja kutoka chini, kwa sababu hapo ndipo unyevu ulipoonekana. Baada ya masika kadhaa, alama ya unyevu inajitokeza juu ya saruji, maana maji yamelazimika kupanda zaidi ili yapate njia. Fundi anaitwa, anaangalia, anatikisa kichwa, kisha anashauri saruji ipandishwe. Kwa mwendo huo tutakutana kwenye kenchi za paa. Wala saruji yenyewe haizuii mvua kama watu wanavyodhani, kwa kuwa ni ngumu kuliko ukuta ulio nyuma yake: ukuta ukicheza kidogo kwa joto la mchana na baridi ya usiku, saruji hupata nyufa nyembamba kama unywele, maji huingia humo, na kutoka yanashindwa.

Kwa kuta za mawe yetu ya matale, yaani graniti, hali ni mbaya zaidi. Jiwe lenyewe karibu halipitishi maji, kwa hiyo unyevu wote wa ukuta hutegemea viungo. Ukivikwangua viungo hivyo na kuvijaza saruji, umeziba mlango pekee uliokuwepo.

Rangi ya mafuta ni kosa lile lile, ila linauzwa kwenye kopo. Kabla ya yote hayo, tengeneza mabati na mifereji. Ukuta unaomwagiwa maji ya paa hautaponywa na chokaa wala saruji.

Sasa niseme yale yanayonitia shaka mwenyewe. Saruji iliyokwisha kushika vizuri, je, itolewe? Ukiigonga kwa tindo unaweza kuondoa uso wa tofali ambao ulikuwa bado mzima. Mara nyingi ninapendelea kuondoa ile iliyoachana na ukuta, inayolia tupu ukiigonga, na kuiacha ile iliyoshika mpaka iachie yenyewe. Lakini sina hakika kwamba ndiyo njia bora kwa kila nyumba. Wapo pia mafundi ninaowaheshimu wanaochanganya saruji kidogo kwenye chokaa ili ishike haraka. Siipendi njia hiyo, ingawa kwenye mwambao wa ziwa, ambako mvua inaweza kupiga kabla chokaa haijakauka, ninaelewa kwa nini wanafanya hivyo. Mimi hutumia unga wa tofali lililochomwa kwa moto wa wastani, ambao huisaidia chokaa kushika hata penye unyevu; tatizo ni kwamba matokeo hubadilika kutoka tanuri moja hadi jingine, na sijapata kipimo kinachoniridhisha.

Kwa wanaouliza kama sheria haiwazuii wenye nyumba kufanya haya, jibu halifurahishi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892. Jengo lao lolote hapa linahitaji kutangazwa na waziri ndipo lilindwe. Lisipotangazwa, hatima yake iko mikononi mwa mwenye nyumba na fundi wake.

Ukiamua kutumia chokaa, usinunue mfuko uliokaa wazi dukani, kwa sababu chokaa hushika kwa kunyonya hewa ya ukaa, na ile iliyokwisha kuinyonya ndani ya mfuko haishiki tena ukutani. Iloweke mapema, iwe rojo, na ifunikwe kwa maji. Paka tabaka nyembamba, ukisubiri moja lishike kabla ya kuongeza jingine, na utundike magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, kwa maana jua la Mwanza litaikausha chokaa kabla haijashika.