Kamera ya filamu katika hewa na jua la Dar

Kamera nyingi za filamu ninazoletewa hazijachakaa kwa kazi. Zimefungiwa kabatini miaka mingi ndani ya mkoba wa ngozi, na unyevu wa Dar ukafanya yake. Kwa hiyo kitu cha kwanza nafungua tundu la lenzi mpaka mwisho, namulika tochi kwa nyuma, nachungulia kwa mbele. Nikiona nyuzi nyembamba nyeupe zenye matawi, hiyo ni kuvu. Ikiwa changa, nafungua vioo na inatoka kwa spiriti safi na kitambaa laini. Ikikaa sana hutafuna utando uliopakwa juu ya kioo, na alama yake haifutiki tena. Hilo namwambia mwenye kamera waziwazi. Ngozi hutunza unyevu, kwa hiyo hifadhi kamera kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakti vya silika, zile chembe zinazofyonza unyevu. Vikibadilika rangi, weka vingine.

Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Shata yake, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga hadi kwenye filamu, haihitaji betri. Betri ni ya kipima mwanga tu. Kipima chenyewe hakina swichi, hivyo ukimaliza kupiga funika lenzi, la sivyo betri itaisha bure. Sponji za mlango wa nyuma huoza zikawa ute mweusi unaonata. Zikwangue kwa kijiti kilicholowa spiriti, kisha laza uzi mweusi wa sufu kwenye mfereji wake. Kioo cha ndani kinachoakisi usikisugue hata kidogo: mng'aro wake umepakwa juu, si nyuma kama kioo cha kujitazamia.

Sasa jua. Kwa filamu ya ISO 200 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kuhisi mwanga), jua kali na anga bila mawingu, tundu la lenzi la f/16 na kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde vitakupa picha nzuri. Shida ni nyuso. Kipima huchukulia kila kilicho mbele yake kuwa cha kijivu. Mzee mwenye kanzu nyeupe akisimama kwenye ukuta wa chokaa, kipima kinaona weupe mtupu, kinakwambia upunguze mwanga, na sura ya mzee inapotelea gizani. Saa sita mchana ndiyo mbaya zaidi, maana jua liko utosini na macho yako kivulini. Mimi namwomba ruhusa, nasogea mpaka uso wake ujaze fremu, napima hapo, narudi nyuma, napiga bila kubadilisha kitu. Ukuta utazidi weupe kidogo, lakini filamu ya negativu, ile ambayo penye mwanga hutokea peusi, huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua.